Injini ya Ng'ombe Kumi na Nne: Sehemu ya Tisa

Mlionipigia simu wiki nzima mkitaka kujua shoka la Urbano liliangukia wapi, haya, tulieni. Liliangukia mkono. Mkono wa kulia wa fundi Gervas, vidole vinne juu ya kiwiko.

Aliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nitampa machache, tena upesi, maana kuna mtu anavuja damu. Yustina binti Alute, mwenyeji wa Mwankoko, ana Subaru ya bluu iliyokaa miezi saba kwenye gereji ya Gervas pale Misuna, Singida mjini, ikiundiwa injini ya mbio. Leo saa sita mchana ndiyo ilikuwa iwashwe kwa mara ya kwanza. Oili mpya imeshamiminwa, betri imefungwa, fundi ameosha mikono. Ndipo akaingia Urbano, mnunuzi wa vitunguu, mwanamume wa kifua kipana, na shemeji yake Calist nyuma yake. Anadai ng'ombe watano. Jibu alilopewa halikumpendeza, akainua shoka juu ya injini. Gervas akajitupa kifudifudi ndani ya boneti iliyo wazi, akaikumbatia injini yake. Hapo ndipo nilipowaacha.

Shoka likashuka.

Gervas hakupiga kelele. Alitoa pumzi moja nzito puani, akateleza taratibu kutoka kwenye injini, akakaa sakafuni na mgongo wake ukaegemea tairi la mbele. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye bomba jipya la hewa, inadondoka chini tone kwa tone.

Na hapa lazima niseme ukweli hata kama mtamchukia. Macho ya Yustina yalikwenda kwenye injini kwanza. Aliona bomba halijapasuka, turbo haijaguswa, nyaya ziko mahali pake. Ndipo akamtazama fundi.

"Gervas."

"Nipo," Gervas alisema. "Ni mkono tu."

Mkono tu, jamani. Nyama imefunguka mpaka mfupa unaonekana, naye anasema ni mkono tu.

Urbano mwenyewe alishtuka. Alikuja kukata chuma, hakuja kukata mtu. Ila Urbano ni wale watu ambao wakishtuka ndiyo wanazidisha. Alilivuta shoka likagoma, maana ncha ilikuwa imenasa kwenye mudigadi, lile bati la juu ya tairi. Wakati anahangaika nalo, Yustina akafika mezani, akanyakua ile spana ndefu ya kukazia nati za silinda, chuma kitupu, urefu wa mkono mzima.

"Weka hiyo chini, dada," Calist akamwambia.

Spana ikampata Calist kwenye taya. Jino likatoka na mate mekundu, likagonga debe la grisi. Calist akayumba, akashika ukingo wa meza, na badala ya kuanguka akarudi kwa kasi. Alimkamata Yustina rasta zake, akazizungusha kiganjani mara mbili, akampigiza kichwa kwenye mlango wa Subaru. Mara ya kwanza Yustina aliona giza. Mara ya pili alihisi paji la uso linachanika. Mara ya tatu hakuisubiri. Aliinama, akamng'ata Calist juu ya goti kupitia suruali, akang'ang'ania mpaka akaonja chumvi.

Calist akamwachia, huku analia kama mtoto aliyemwagiwa uji wa moto.

Lakini shoka nalo likawa limechomoka. Urbano alimfikia Yustina kabla hajasimama sawasawa, akamsukumia ukutani, akaukandamiza mpini wa shoka shingoni mwake kwa mikono yote miwili. Visigino vya Yustina vikaacha sakafu.

"Nauliza mara ya mwisho," Urbano alisema. "Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Uliza vizuri." Sauti ilimtoka kwa shida. "Yupi?"

"Mweusi mwenye paji jeupe."

"Turbo."

Urbano akakunja uso. "Nini?"

"Ile pale, kama konokono, karibu na bomba. Ndiye huyo mweusi wako. Imetoka nje ya nchi."

"Dume jekundu. Sikio nililichana mwenyewe kwa kisu."

"Pistoni. Zote nne. Siyo hizi za kawaida, ni za chuma kilichofuliwa, haziyeyuki."

"Yale majike mawili ya mabaka, mtu na dada yake."

"Moja kuchonga silinda Dar es Salaam, maana huku hakuna mashine. La pili kuchonga tena, walikosea mara ya kwanza."

"Na mtamba wangu?"

"Gasketi," Yustina alisema. "Na nauli."

Nawaapia, kwa sekunde mbili hivi Urbano aliitazama ile injini kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa kaburi la jamaa yake. Watano wake wote wamo humo, wamefungwa nati. Halafu damu ikampanda upya.

"Basi nitawachinja humo humo," alisema. "Wewe kwanza."

"Walikuwa kwenye boma la baba yangu," Yustina alikoroma. "Baba amekufa, mtoto ni mimi peke yangu. Nimeuza cha baba."

"Boma la baba yako. Ng'ombe wangu."

Watu wa huku mnajua, ila nimkumbuke na msomaji wa mbali. Mwenye ng'ombe hapa hawaweki wote boma moja. Anawagawa, watatu kwa huyu, watano kwa yule, kimya kimya, ili ndugu wasijue ana kiasi gani wakaja kumlilia shida kila msimu. Anayewatunza anakunywa maziwa na kupata mbolea. Ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Kuna shahidi mmoja tu, na watoto wa nyumba hawaambiwi kitu. Yustina alikulia kwenye boma lenye ng'ombe kumi na wanne, akajua ni wa baba yake. Nani angemwambia vingine?

Mpini ulizidi kukaza. Midomo ya Yustina ilianza kuwa ya zambarau. Gervas alijaribu kuinuka pale chini, akashindwa, akakaa tena.

Hapo ikaingia bajaji mpaka ndani ya uzio, ikafunga breki, na akashuka mama wa miaka sitini na kitu aliyevaa khanga mbili na raba za mtoto wa shule. Anastasia, dada wa marehemu Alute. Shangazi yake Yustina. Dereva wa bajaji aliona damu, hakudai nauli, akageuza na kuondoka kwa kasi.

Anastasia alisimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

Ninachowasimulia sasa mwenyeji wa Singida hatakishangaa. Urbano alilegeza mpini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Calist?"

"Shikamoo, mama," Calist alisema, damu inamtoka mdomoni.

"Marahaba. Gervas?"

"Shikamoo," Gervas alisema kutoka sakafuni.

"Marahaba, baba. Na wewe?"

Yustina alikuwa amepiga magoti, anakohoa, anashika koo. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Urbano, laza hilo shoka chini. Sikuombi."

Urbano alilaza shoka sakafuni. Anastasia alivua khanga ya juu, akaipasua kwa meno, akachuchumaa kwa Gervas na kuanza kumfunga mkono juu ya jeraha. Alikaza mpaka Gervas akafumba macho. Khanga ikalowa kabla hajamaliza fundo.

"Huyu anatakiwa hospitali sasa hivi," alisema.

"Kwanza haki yangu," Urbano alisema. "Mama, wewe ndiye shahidi. Kaka yako alinipokelea ng'ombe mbele yako. Sema."

Anastasia hakugeuka. "Watano. Ni kweli."

Yustina alinyanyuka kwa kushika ukuta. Damu ya paji la uso ilimziba jicho moja. "Shangazi, ulijua ukaninyamazia?"

"Niliapa kwa kaka yangu. Na wewe uliniambia ng'ombe wote wapo, umewapeleka kwa mchungaji kufuata majani. Ningejuaje kama umewaswaga mnadani?"

"Sawa. Watano ni wake." Yustina alijipangusa jicho. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu bado ilimpa nafuu. "Nitamlipa nikishinda mbio. Wale tisa walikuwa wangu, injini ni yangu. Hakuna wa kuigusa."

Anastasia alikuwa ameshika ncha mbili za fundo, na mikono yake ikaacha kukaza.

Aliyesema ni Gervas.

"Yustina. Si uliniambia ni pesa ya asali?"

Kila mtu alimtazama.

"Siku uliyoniletea pesa za kwanza," Gervas aliendelea, taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilikuuliza, dada, kazi hii inakula hela nyingi, utaiweza? Ukasema baba aliacha mizinga kule Rungwa. Umeuza asali."

"Nilisema hivyo kwa kila mtu. Baba wadogo wangejua mtoto wa kike amefungua zizi, wangenikata shingo. Kwani asali na ng'ombe ina tofauti gani kwako? Si umelipwa?"

"Yule wa kijivu mwenye pembe moja," Gervas alisema. "Uliuza?"

Yustina aliitazama injini.

"Uliuza?"

"Konrodi," Yustina aliitaja mikono ya chuma inayoshika pistoni, kwa sauti ndogo.

"Mweupe mkubwa. Dume."

"Krenki, ule mhimili. Gervas, wewe umewajuaje hao?"

"Jike la kahawia. Lile lililozaa pacha mwaka wa mvua nyingi."

Yustina alielewa kabla ya kujibu. Angetoa chochote duniani asilijibu swali hilo, lakini Gervas alikuwa anamtazama, na macho yale yalikuwa yameshamsamehe mengi ndani ya miezi saba.

"Ndilo nililokulipa wewe," alisema. "Ufundi wako."

Hata Calist aliacha kugumia.

"Wote tisa ni wake," Anastasia alisema. "Aliwaleta kutoka Itigi alipoachana na mke wake, ili wasigawanywe barazani. Kaka yangu alikufa hana hata ndama, Yustina. Alikuwa mlinzi wa mali za watu. Ndiyo maana watu walimheshimu."

Ng'ombe kumi na wanne. Watano wa Urbano, tisa wa Gervas. Wa Alute, hakuna. Gervas alikuwa amefanya kazi miezi saba, Jumapili na sikukuu, akilipwa ng'ombe wake mwenyewe, na mchana huu amepigwa shoka akiikinga injini iliyowala.

Alianza kucheka. Kicheko kibaya, kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Kisha akakiacha, akashika tairi kwa mkono wa kushoto, akasimama.

"Kaa chini," Anastasia alisema. "Utakufa."

Gervas hakumjibu mama mtu mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alikwenda mezani, akachagua spana namba kumi na saba bila kutafuta, akateremka ngazi za lile shimo la kazi lililo chini ya gari. Walimsikia anahema. Walisikia chuma kinalia, nati inalegea. Halafu wakasikia kitu kinamwagika.

Yustina alijua ile sauti. "Gervas, hapana."

Oili mpya, ya rangi ya asali, lita tano kasoro, ilikuwa inashuka yote shimoni. Alikimbilia ukingoni, akamwona fundi amesimama pembeni ya mchirizi, ameishika ile nati mkononi. Gervas aliirusha kwenye kona yenye giza. Akapanda ngazi, akampita Yustina, akaingia kwenye Subaru na kufunga milango kwa ndani. Ufunguo ulikuwa mahali pake tangu asubuhi, ukimsubiri mwenye gari.

"Gervas, fungua. Nitakulipa wote. Gervas."

Alishusha kioo kidogo tu, upana wa kidole.

"Ulitaka kusikia inavyolia," alisema. "Sikiliza vizuri, maana ni mara moja."

Akawasha.

Jamani, ile injini. Ilikubali kwa mshituko mmoja. Ngurumo ikajaa gereji nzima, mabati ya paa yakatetemeka, makopo yakacheza mezani. Urbano na Calist walirudi nyuma mpaka nje ya mlango. Yustina alisimama mdomo wazi. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoiwaza, na ilikuwa inakufa. Injini bila oili ni chuma kinachosagana na chuma. Ina dakika chache tu, na Gervas alikuwa anaikanyaga mafuta.

Yustina alipiga kioo kwa ngumi mpaka ngozi ya vifundo ikatoka. Kisha akaliona shoka pale sakafuni.

Pigo la kwanza liliukwaruza mlango. La pili likavunja kioo cha upande wa abiria. Aliingiza kichwa na mabega, vipande vikamchana kifua, akaunyoshea mkono ufunguo. Gervas alimkamata kifundo cha mkono kwa kushoto kwake. Walivutana. Mguu wa fundi haukutoka kwenye mafuta. Yustina alimpiga kiwiko usoni, mara moja, mara mbili, akasikia pua inavunjika, na bado mkono haukuachia. Ndipo akafanya jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia nimekaa siku mbili nikisita kuliandika. Alimpiga kwenye jeraha.

Gervas akapiga ukelele wake wa kwanza siku ile. Mkono ukaachia. Yustina akazungusha ufunguo, akauchomoa.

Kimya.

Alijitoa dirishani, akakimbilia mbele, akalaza kiganja juu ya injini. Ya moto, lakini siyo sana. Akasukuma feni kwa kidole, ikazunguka. Hakusikia harufu ya kuungua. Imepona. Machozi yakamtoka ya furaha, na damu.

"Yustina," shangazi yake aliita kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. "Huyu mtu anapumua?"

Aligeuka. Gervas alikuwa ameinamia usukani. Ile khanga ilikuwa imefunguka, na damu ilikuwa inashuka kwenye kiti, kwenye gia, kwenye zulia. Yustina alifungua mlango kwa ufunguo, akamshika shingoni. Kulikuwa na kitu kinagonga pale, kidogo sana, kinapotea na kurudi.

"Anapumua. Shangazi, anapumua. Urbano, tusaidie kumtoa."

Urbano alikuwa mlangoni, na alikuwa anafikiri. Aliliona shoka mkononi mwa Yustina, maana bado alikuwa amelishika. Akaiona damu usoni kwake, kioo kilichovunjika, na fundi aliyelala. Mtu aliyeukata ule mkono ni yeye Urbano, na fundi akifa, kamba ni yake. Lakini nje pale, mita hamsini, kuna kijiwe cha bodaboda, na hao hawajaona kitu.

Akatoka mbio mpaka getini.

"Wameua," alipaza sauti. "Njooni, jamani. Yule mwanamke mwizi wa ng'ombe kamkata fundi kwa shoka. Kamuua fundi Gervas."

Gervas alikuwa anapendwa pale Misuna. Alikuwa anawatengenezea pikipiki zao kwa mkopo, na wengine bure. Pikipiki zikalazwa, watu wakaja wanakimbia, kumi, kumi na tano, na wa mbele alipochungulia mlangoni alimwona Yustina na shoka lake. Hakuuliza swali.

Jiwe la kwanza lilipiga ukuta. La pili likampata Anastasia begani, akaenda chini kwa goti moja.

"Si mimi," Yustina alisema, akalitupa shoka. "Ni Urbano. Muulizeni shangazi yangu."

Hakuna aliyemuuliza shangazi. Jiwe la tatu lilimpata Yustina mbavuni, likamtoa pumzi. Kijana mmoja alishika mnyororo. Mwingine alikuwa anatafuta tairi la zamani, na mnajua tairi la zamani linatafutwa la nini.

Yustina alitazama huku na huku. Bajaji imekimbia. Debe la oili tupu, oili yote iko shimoni imechanganyika na mchanga. Nati iko gizani. Kuna gari moja tu pale ndani, na limo fundi anayekata roho. Hospitali, kilomita nne.

Alifanya hesabu yake ya mwisho siku ile, na safari hii haikuchukua muda. Aliifunga boneti kwa kishindo. Alimvuta shangazi yake kwa kwapa, akamsukumia kiti cha nyuma. Alimsogeza Gervas kwa bega mpaka akaangukia upande wa abiria juu ya vioo, akakaa kwenye damu yake, akarudisha ufunguo mahali pake.

"Unafanya nini?" Anastasia alisema. "Si umesema haina oili?"

"Haina."

Akawasha. Ikakubali, mshituko mmoja, kama mara ya kwanza.

Subaru ilitoka mlangoni na jiwe likaingia kupitia kioo cha mbele. Watu waliruka pembeni. Calist aliruka, Urbano hakuwahi. Kona ya gari ilimgonga nyonga, akabiringika juu ya mudigadi ile ile aliyoipiga shoka, akaanguka kwenye rundo la rimu. Yustina alimwona kwenye kioo cha pembeni akinyanyuka kwa goti moja, anaonyesha kidole barabarani, na pikipiki zinaanza kuwashwa.

Alikanyaga. Lami ikaanza. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka mbele yake, haipepesi. Gia ya pili, gia ya tatu. Hajawahi kuendesha kitu chenye nguvu kama kile, na mwanamke yule aliyependa mbio kuliko ndoa alikuwa analia kwa sauti kila alipobadilisha gia. Kilomita ya kwanza ikapita. Mshale wa joto ukaanza kupanda.

Kilomita ya pili, sauti ikabadilika. Chini kabisa ya ngurumo, kitu kikaanza kugonga. Ko, ko, ko.

Gervas alifungua macho.

"Inanoki," alisema. Sauti yake ilikuwa hewa tupu. "Yustina, inanoki. Zima."

"Nyamaza. Tunafika."

"Ni bering ya konrodi. Ukizima sasa hivi inaokoleka. Krenki bado nzima." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unautafuta ufunguo kwa kupapasa. Yule yule aliyeimwaga oili, sasa anaihurumia. "Zima, dada. Miezi saba."

"Na wewe?"

Mkono wa Gervas ulifika kwenye ufunguo, na Yustina akaushika, akauweka kwenye paja lake na kuukandamiza pale, akaendesha kwa mkono mmoja. Hakulegeza mguu. Ko, ko, ko ikawa ga, ga, ga. Moshi wa bluu ukaanza kutoka kwenye kingo za boneti. Kilomita ya tatu ikapita. Anastasia nyuma alikuwa anasali kwa Kinyaturu, haraka haraka, bila kuvuta pumzi.

"Pikipiki zinakuja," alisema katikati ya sala. "Nne. Urbano yuko kwenye ya mbele."

Paa la hospitali lilionekana kule mbele, jekundu, juu ya miti, mwendo wa mtu kutembea dakika kumi. Yustina aliweka gia ya nne.

Kitu kilipasuka ndani ya injini kwa mlio wa bunduki. Konrodi ilitoboa ubavu wa silinda, chuma kikaruka barabarani kinang'aa, na ngurumo yote ikakatika. Usukani ukawa mzito. Hakukusikika kitu isipokuwa upepo kwenye vioo vilivyovunjika na matairi yakiviringika kwa kasi iliyobaki.

Gervas alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalaza kichwa.

"Haya," alisema. "Wamekufa wote."

Yustina alimtikisa mara moja, mara mbili, akimwita jina. Gari lilizidi kupunguza mwendo, likapita kibao cha hospitali, likafika chini ya kilima kidogo ambacho halikuwa na nguvu ya kukipanda. Likasimama katikati ya barabara. Nyuma yake pikipiki ya kwanza nayo ikasimama, na aliyekuwa amepakiwa akashuka, anachechemea, ameshika shoka.